Chaguo la Kwanza

Nilipewa kazi ya ushauri wa masomo kwa sababu vipindi vyangu vya Kiswahili vilikuwa vimepunguzwa. Hakuna aliyeniuliza kama naiweza. Mkuu wa shule aliniita asubuhi moja, akaniambia kwamba sasa lazima awepo mwalimu wa kuwaongoza wanafunzi wa mwaka wa tatu wanapochagua michepuo ya masomo, na kwamba mwenye nafasi ni mimi. Akanipa ufunguo wa chumba kilichokuwa stoo ya michezo. Nikaingiza meza na viti viwili. Ukutani nikabandika karatasi kubwa niliyoiandika kwa mkono wangu, ukisoma hiki unaweza kuwa hiki: daktari, mhandisi, muuguzi, mhasibu, fundi umeme. Kwenye mstari wa lugha niliandika mwalimu, mwandishi wa habari, mkalimani, halafu nikakosa la kuongeza.

Mimi nilizaliwa Bujumbura. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda, na mtaani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya mpira, ya sokoni, ya ugomvi na ya kupatana. Nilipofika Kigali nikiwa kijana, familia yetu iliporudi, niligundua kwamba huku ni lugha ya wanajeshi, madereva na wahuni. Mtoto wa watu wenye heshima zao hakutakiwa kuonekana anakiongea. Hata hivyo ndicho nilichokuwa nacho mdomoni, nikakisoma hadi chuo kikuu, nikawa mwalimu wake, na nimezeekea humo. Niliokaa nao dawati moja, waliochukua sayansi, wengine wana zahanati zao, wengine wako maofisini. Siku ya wazazi kuja shuleni kuonana na walimu, mzazi ananisalimia kwa adabu, kisha anapita kwenda kwenye meza ya mwalimu wa hesabu, na hapo ndipo anapovuta kiti. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu bila hayo nilichokifanya hakieleweki.

Mwaka wangu wa pili katika ile stoo, alikuwepo msichana mmoja aliyekaa mtaa wa Batsinda na mama yake. Mama naye alikuwa ametoka Bujumbura, akiuza vitenge Nyabugogo, kwenye kituo cha mabasi, na kwa ajili ya biashara hiyo alionana kila siku na Wakongo, Watanzania na watu wa kila aina. Msichana alikuwa amenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Wenzake waliandika insha kana kwamba wanahesabu mawe. Yeye aliwahi kuandika juu ya mama yake akibishana na mteja wa Bukavu aliyedai kitenge kimechuja rangi, na nilipomaliza kuisoma nikairudia toka mwanzo, nikacheka peke yangu katika chumba cha walimu. Alikuwa na sikio. Alijua Mkongo anaongeaje na Mtanzania anaongeaje, na wakati gani mama yake anabadilisha sauti.

Katika sayansi hakuwa mbaya. Alikuwa wa kukariri, na kwa kukariri alipata alama za kutosha. Laiti angekuwa anashindwa kabisa, pengine ningemwacha.

Ilipofika zamu yake ya kuja kuniona, alikaa kwenye kile kiti cha pili, mikono katikati ya magoti.

"Mwalimu, mimi nataka mchepuo wa lugha."

"Lugha ili uwe nani?"

"Mkalimani. Au mwalimu, kama wewe."

Nilicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. "Kama mimi? Hebu nitazame vizuri. Unakitamani nini hapa?"

Aliona aibu, akatazama ile karatasi ya ukutani. Nikamwambia mambo ambayo hata mke wangu sijawahi kumwambia kwa urefu ule. Kwamba nimefundisha tangu yeye hajazaliwa na bado kila mwaka sijui kama somo langu litabaki kwenye ratiba. Kwamba watoto wanalala darasani kwangu ili wapate nguvu za kusoma fizikia. Kwamba mtu akiniuliza nafanya kazi gani, huwa najibu "mwalimu" na kuomba Mungu asiulize wa nini.

"Alama zako za baiolojia zinatosha," nikamwambia. "Chagua sayansi. Ukifika mbele ukachoka, lugha zipo, haziendi popote. Lakini ukianza na lugha, kurudi kwenye sayansi haiwezekani."

"Kemia naisoma naielewa, kesho yake imeondoka yote."

"Utazoea."

"Sawa, mwalimu."

Huku kwetu mtoto akimwambia mkubwa "sawa", mara nyingi maana yake ni kwamba amesikia, basi. Nalijua hilo. Lakini siku ile niliamua kwamba amekubali.

Baada ya wiki moja alirudisha fomu ya machaguo. Chaguo la kwanza aliandika lugha. La pili lugha, katika shule nyingine. La tatu ndipo akaandika sayansi, na ilionekana ameliandika ili nafasi isibaki wazi. Mama alikuwa ametia sahihi chini, na pembeni ya karatasi, mahali ambapo hapakuhitajika kuandikwa kitu, akaongeza kwa kalamu nyekundu: "Naomba mwanangu apelekwe lugha. Asanteni."

Majina na machaguo yote yalitakiwa kuingizwa kwenye mfumo wa serikali kwa kompyuta. Intaneti yetu ilikuwa inakwenda na kurudi, na mkuu wa shule hakutaka wanafunzi wajazane katika chumba cha kompyuta wakaharibu vitu. Akaniagiza niingize mwenyewe, darasa zima. Nilikaa huko alasiri mbili. Siku ya pili mvua ilikuwa inapiga bati hata husikii mtu akikuita mlangoni. Nikaifikia fomu yake.

Sitaki kusema kwamba nilikosea. Nimewahi kujiambia hivyo, kwamba macho yalichoka, kwamba nilivuka mstari. Si kweli. Niliishika ile karatasi, nikasoma maneno ya mama yake mara mbili, na nikawaza: huyu mama hajui. Anauza vitenge, anaona Kiswahili kinamlisha, anadhani kitamlisha na mtoto. Nikamwona yule msichana amekaa katika chumba cha walimu akiwa na umri wangu, ana daftari za kusahihisha ambazo hakuna anayezijali. Nikaweka sayansi chaguo la kwanza. La pili nikaweka sayansi pia, katika shule nyingine. La tatu nikaweka lugha. Nikabofya. Karatasi nikaiweka kwenye faili pamoja na za wenzake, nikaendelea na jina lililofuata.

Nilirudi nyumbani Kanombe jioni ile nikiwa mwepesi. Nilijiona nimemfanyia mtu wema na wala hahitaji kunishukuru.

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, alikuwa amefaulu. Nafasi za shule zilipotangazwa, akaja shuleni kwa miguu, likizo ingali haijaisha, akiwa na simu ya mama yake mkononi. Alinikuta nafunga stoo.

"Mwalimu, wamekosea."

"Nani amekosea?"

"Mfumo. Tuliandika lugha, wamenipa sayansi. Na ni bweni, mbali, upande wa Mashariki."

Alinionyesha ujumbe kwenye simu kana kwamba mimi sikujua kusoma hadi aniwekee kidole. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Palikuwa na sisi wawili tu na ule mlango.

"Mfumo unaangalia alama," nikamwambia. "Maana yake wameona unaweza."

"Mama amekasirika sana."

Sikumuuliza amekasirika na nani.

Mama yake alikwenda kwenye ofisi za elimu kuomba ahamishwe. Wakati huo wa mwaka wazazi wanapanga foleni siku nzima na bahasha zao, na yeye alifunga biashara akasimama huko siku mbili. Aliambiwa kwamba mtoto amepata alichokiomba, ndivyo mfumo unavyoonyesha, na kama kuna kosa la kuingiza, shule alikotoka iandike barua. Msichana akarudi kwangu.

"Wamesema ukiandika barua tu kwamba kosa ni la shule, wananibadilisha. Nafasi za lugha bado ziko."

"Njoo kesho," nikasema.

Kesho yake nilimwambia mkuu wa shule hayupo, na kweli hakuwepo, lakini barua ile ningeweza kuiandika nikaiacha mezani kwake. Siku ya tatu nilimwambia muhuri umefungiwa. Ukweli ni kwamba nilikaa na karatasi tupu mbele yangu na sikuona namna ya kuandika "kosa ni la shule" bila mtu kuuliza kosa ni la nani. Fomu yenye wino mwekundu wa mama yake ilikuwa kwenye faili. Mtu akiifungua, kazi sina. Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Siku ya nne muda wa kubadilisha ulikuwa umekwisha, na nilipomwambia hivyo alisema "sawa, mwalimu", sauti ileile ya siku ile ya kwanza.

Akaenda Mashariki.

Likizo ya kwanza alipita kunisalimia. Alikuwa amekonda, na nilipomwuliza masomo yanaendaje alijibu, "Yanaendelea." Nikamwomba mwalimu wetu wa kemia amsaidie wakati wa likizo, bila kumweleza ni kwa nini namjali hivyo. Alikuja siku nne. Siku ya tano hakuonekana, nami nikamtafuta kwa simu ya mama yake, akapokea mwenyewe.

"Mwalimu, usihangaike," aliniambia. "Nakaa pale naangalia mdomo wake unavyokwenda. Hakuna kinachoingia."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu."

Likizo zilizofuata hakuja. Habari zake nilizisikia kwa wenzake: kwamba amebaki, kwamba hajafukuzwa, kwamba amekuwa mtu wa kunyamaza. Mimi niliendelea na kazi. Kila mwaka watoto walikaa kwenye kile kiti cha pili wakaniuliza wachague nini, na nilikuwa nawajibu kwa sauti ya mtu anayejua. Lakini nilianza kuwa na tabia ya kuahirisha. Mtoto akitaja lugha, namwambia ongea kwanza na wazazi, halafu urudi, na akirudi namwambia vilevile.

Alipomaliza mwaka wa sita alipata cheti, lakini kwa alama za chini. Si za kumpeleka chuo kikuu kwa ufadhili wa serikali, na wa kumlipia hakuwepo. Aliyenipa habari hiyo ni mwanafunzi wangu mwingine wa zamani, tulipokutana nje ya kanisa. Aliisema kama habari za hali ya hewa. "Yule wa insha, mwalimu, unamkumbuka? Ameanguka." Niliingia kwenye misa, nikapiga magoti na wengine, na sikumbuki padri alihubiri nini.

Kisha nikamkuta Nyabugogo.

Nilikuwa nakwenda Kusini kwenye mazishi ya shemeji. Unajua pale palivyo asubuhi, wapagazi wanakuvuta begi, makondakta wanataja miji kama wanagombana, na wewe unatafuta dirisha la kampuni inayokwenda kwenu. Nilisikia Kiswahili kabla sijamwona. Kiswahili kilichonyooka, cha upole, kikimweleza mama mmoja wa Kikongo mwenye mafurushi matatu kwamba basi lake ni la saa nne, si la saa tatu, kwamba mizigo itawekwa chini, na kwamba asimpe mtu yeyote begi dogo lenye pasipoti. Yule mama alikuwa na hofu, na sauti ile ikawa inamtuliza. Niliinua macho, nikamwona nyuma ya kioo, amevaa fulana ya kampuni.

"Mwalimu!"

Alifurahi kweli. Alitoka nje kwa mlango wa pembeni, akanishika mkono kwa mikono miwili, akamgeukia mwenzake wa dirisha la pili. "Huyu ndiye alinifundisha Kiswahili."

Mwenzake alinisalimia kwa heshima. Nikasimama pale na begi langu. Basi langu likaja, likaondoka, nami bado nimesimama. Nilimwomba nimngoje hadi apate mapumziko. Aliona nina jambo, akakubali bila kuuliza.

Tulikaa kwenye mgahawa mdogo ng'ambo ya kituo. Aliagiza chai na chapati. Nilimwambia tangu mwanzo: fomu, maneno ya mama yake pembeni, mvua juu ya bati, jinsi nilivyobofya. Nilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. Alikuwa anakata chapati vipande vidogo, akivipanga kwenye sahani, hali hata kimoja.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Na ile barua?"

"Niliogopa kazi yangu."

Alitazama nje. Kelele za kituo zilikuwa zinaingia na kutoka kila mlango ulipofunguliwa.

"Mama alinipiga," akasema. "Mara ya kwanza maishani. Alirudi kutoka kwenye ile foleni, wamemwambia mtoto amepata alichokiomba. Akasema mimi ndiye nilikwenda kwako kwa siri nikakwambia ubadilishe. Nikamwambia, mama, ni mfumo. Akasema mfumo hauna mikono." Alisogeza sahani pembeni. "Unajua alidhani nini? Alidhani nimeona aibu. Kwamba wenzangu wamenicheka, ndiyo nimekataa lugha yake. Mwaka wa kwanza wote hakuja siku ya wageni. Wenzangu wanaletewa vyakula, wanakaa na wazazi wao kwenye majani, mimi nafua nguo."

Sikujua. Mungu ni shahidi yangu, hilo sikulijua.

"Naomba unisamehe," nikasema.

"Usianze na mimi. Nenda Batsinda ukamwambie. Jumapili baada ya misa yuko nyumbani." Alisimama. "Mapumziko yangu yamekwisha, mwalimu."

Alinilipia chai. Nilijaribu kukataa, naye alikuwa ameshafika kwenye kaunta.

Sikwenda Jumapili ile. Wala iliyofuata. Nilikwenda ya tatu, nikiwa nimevaa koti kana kwamba nakwenda kuposa. Nyumba za Batsinda zimejengwa kwa kufanana, ikabidi niulize mara tatu. Mama alikuwa ameketi sebuleni, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kiti. Nyabugogo alikuwa ameacha, mguu ulimkatalia, akawa anauzia vitenge nyumbani, vimekunjwa juu ya kabati hadi karibu na dari. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Karibu, mwalimu wa mtoto. Karibu, ukae."

Alimtuma mtoto wa jirani aniletee fanta. Aliposikia Kiswahili changu akanyanyua kichwa. "Wewe umekulia wapi?" Nikamwambia. Akapiga makofi. Tulikuwa tumekulia mitaa miwili inayopakana. Alimjua mwuza maandazi tuliyemjua sisi, aliujua ule uwanja wa mchanga ambako tuling'oka kucha tukicheza mpira. Alicheka hadi akafuta macho kwa khanga. "Nimepata mtu wa kuongea naye," akasema. "Humu ndani mimi naongea na redio."

Nilitamani tuendelee hivyo hadi niage.

Nilipomwambia, alizima redio. Akaniambia, "Sema tena." Nikasema tena, polepole. Alinisikiliza akitazama mdomo wangu. Nilipofika kwenye yale maneno aliyoyaandika kwa kalamu nyekundu, alitikisa kichwa kidogo, kuonyesha kwamba anayakumbuka.

"Kwa hiyo mtoto hakubadilisha."

"Hakubadilisha, mama. Hakujua chochote."

"Wewe ulimchukia?"

"Hapana. Nilimhurumia. Sikutaka awe kama mimi."

Mtoto wa jirani aliingia kuchukua chupa, akaona nyuso zetu, akatoka bila chupa.

"Miaka yote hii," mama akasema, "nimemwita mwanangu mwongo. Nilimwambia, kama unaionea aibu lugha yangu, basi usiiongee tena mbele yangu. Nilikuwa na hasira tu, mtu husema. Yeye akashika. Tangu siku ile ananiongelesha Kinyarwanda. Nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kinyarwanda. Kwa adabu, hanitukani. Nikadhani ni kiburi. Nikadhani, unaona, ni kweli ana aibu."

Nilikuwa nimemsikia binti yake Nyabugogo, anavyomtuliza yule mama wa Kikongo, neno kwa neno, na sikuthubutu kumwambia.

"Ungeniuliza," akasema. "Ningekujia pale shuleni. Ungeniambia, mama fulani, mimi naona hivi na hivi. Tungebishana. Pengine ungenishinda. Mimi si mtu wa kukataa kusikia."

"Najua."

"Hujui." Hakupandisha sauti. "Maliza fanta yako, mwalimu, uende. Nataka kukaa peke yangu."

Niliimaliza, kwa sababu kuiacha ingekuwa tusi juu ya tusi. Ilikuwa imepata moto. Alinisindikiza kwa macho tu, mguu ukiwa bado juu ya kiti.

Jumatatu niliandika ile barua niliyopaswa kuiandika miaka mingi nyuma, nikampelekea mkuu wa shule. Ni mkuu mwingine sasa, kijana kuliko mimi. Aliisoma yote amesimama.

"Mambo haya ni ya zamani, mwalimu," akasema. "Yule mtoto amelalamika?"

"Hapana."

"Basi." Aliikunja akaiweka kwenye droo. Nikamwambia nataka kuachia ushauri, ampe mtu mwingine. Akaniuliza nani, nami nikashindwa kumtajia jina, maana kila mtu ana vipindi vyake. Kwa hiyo bado ninao ufunguo. Nilichobadilisha ni kimoja tu: sasa kila mtoto anaingiza machaguo yake mwenyewe, mzazi wake akiwa pembeni kama ameweza kuja, na mimi nasimama mlangoni. Inachukua wiki nzima. Walimu wenzangu wanalalamika kwamba nazuia chumba cha kompyuta. Watoto bado wananiuliza, mwalimu, nikichagua hii nitapata kazi? Zamani nilikuwa na jibu. Sasa nawaambia ninachokijua na nisichokijua, na naona wanavyoondoka hawajaridhika. Wengine wanakwenda kumwuliza mwalimu wa hesabu.

Baada ya miezi kama miwili msichana alinipigia simu. Sikuitambua namba. Nyuma yake nilisikia kituo cha mabasi.

"Ulikwenda," akasema.

"Nilikwenda."

"Mama amenieleza. Aliniita, tukakaa. Alilia, akaniomba msamaha kwa Kiswahili. Mama yangu, kuniomba msamaha mimi."

"Ukamjibuje?"

Mtu alikuwa anaita jina la mji, tena na tena.

"Nilitaka kumjibu kwa Kiswahili. Niliyapanga maneno kichwani, yote. Nikafungua mdomo, kikatoka Kinyarwanda. Nimejaribu na siku nyingine. Hapa kazini kinatoka tu, na watu nisiowajua. Nikifika nyumbani, kinakataa." Akavuta pumzi. "Yeye anasema haina neno, kitarudi. Lakini naona anavyonitazama akingoja."

Nilitafuta neno la kumwambia. Mwalimu wa lugha, nimekaa kitandani na simu sikioni, sina hata moja.

"Wateja wamejipanga, mwalimu," akasema. "Nilitaka tu ujue."

Akakata simu. Bado yuko pale dirishani. Nikiwa na safari, nakatia tiketi kwenye kampuni nyingine, upande wa pili wa kituo.